Zama Hazikutulea

Katika kila msiba kwetu Tanga huja saa ambayo maziko yamekwisha, wali umeliwa, na watu bado hawajapata moyo wa kuondoka. Wanaume wako nje chini ya turubai, wanawake tuko ndani mikekani. Saa hiyo ndiyo zamani hubisha hodi. Mmoja hutaja kombolela za usiku wa mbalamwezi. Mwingine hutaja mwaka 1988, Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa Bara. Mwingine huuliza nani anakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, na hata aliyekuwa ameinamisha kichwa tangu asubuhi huinua uso. Mwisho wa yote mtu mzima mmoja hutoa hukumu: "Jamani, zamani watu walikuwa watu." Sote huitikia, kama mtu anavyoitikia dua.

Nimeitikia hivyo mara nyingi, na moyo umejaa. Lakini siku hizi nikiitikia, kuna sehemu yangu inayokaa pembeni na kunyamaza. Sidhani kwamba yanayosemwa ni uongo. Yametokea, na mengine niliyaona kwa macho yangu. Kinachonitatiza ni kuwa juu ya mkeka uleule wamekaa watu ambao zamani hiyo haikuwapenda, nao wanaitikia pamoja nasi. Ndiyo maana nimeona nikae na jambo hili taratibu. Hamu ya utotoni ni jambo la moyo, na mambo ya moyo ukiyaharakisha hukuponyoka.

Nami nilikuwa na zamani tamu, sitaki kuikana. Nilikulia Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba, katika miaka ya themanini. Alasiri tulikwenda chuoni, juzuu zetu tumezifunga kwenye kitambaa safi. Tulikaa jamvini, kila mtoto na sura yake, kila mtoto na sauti yake, mpaka mpita njia asiweze kutenga hata neno moja. Lakini mwalimu, macho ameyafumba, alijua ni nani aliyekosea irabu. Magharibi za Ramadhani sahani zilizofunikwa kawa zilikatiza uani, mihogo ya nazi ikienda, tambi zikirudi. Jirani yetu mmoja alikuwa Mkristo, na sahani yake ilikuja kama za wengine. Ikifika Krismasi, sahani ziligeuza njia. Hakuna aliyetoa hotuba juu ya kuvumiliana. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, basi.

Hata leo harufu ya muhogo unaochemkia kwenye tui hunisimamisha njiani. Kwa kitambo kidogo huwa sina deni, sina miadi, sina maiti hata mmoja ninayemlilia. Wote wapo. Huo ndio utamu wa kumbukumbu, na ndiyo hatari yake pia, maana mtu anaweza kutamani asitoke tena humo.

Lakini miaka hiyo ilikuwa miaka gani? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977. Mwaka uliofuata majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na vita vilivyokwisha 1979 viliiacha hazina ya nchi hoi, huku bei ya mafuta duniani nayo ikiwa imepanda. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi ikapita, mkanda ukabaki palepale. Sukari, sabuni, mafuta ya kula na khanga vikawa vitu vya foleni, na jina lako liwe limeingia kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi. Watu walifulia majani ya mpapai. Walisonga ugali wa mahindi ya njano yaliyotoka Marekani, wakauita unga wa Yanga, kwani Mtanzania hata dhiki huitania.

Sisi watoto tuliipenda foleni. Mtu mzima aliweka jiwe kushika nafasi yake, akaenda kwenye shughuli zake, nasi tukaachwa kulinda mawe. Tulicheza mdako hapo hapo tangu asubuhi mpaka gari la bidhaa lifike, na siku lisipofika tulirudi nyumbani tumefurahi, kwa kuwa tulikuwa tumecheza. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Ila ilikuwa furaha ya mtu asiyejua kinachongojewa.

Idi moja ya miaka hiyo nilivaa gauni jipya la marinda, maua mekundu juu ya ardhi nyeupe. Nikizunguka lilifunguka lote, nami nilizunguka kutwa. Gauni hilo lilishonwa kwa nusu ya doti ya mama. Nusu iliyobaki aliivalia jikoni, na kwa kuwa mwanamke wa Pwani hatoki kwenda harusini na khanga zisizofanana, mwaka ule mama hakuhudhuria harusi. Walipokuja kumwita alisema kiuno kinamsumbua. Mimi ninayakumbuka marinda. Yeye, nilipokuja kumuuliza nikiwa nami nina watoto, alikumbuka vigelegele vya nyumba ya tatu, alivyovisikia akiwa uani anachambua mchele. Alisimulia bila uchungu, akicheka. Lakini alikumbuka.

Hapo nilianza kuona kwamba nyumba moja ina zamani nyingi. Kaka zangu wakisimulia utoto wao, Ngamiani yote inakuwa uwanja wa tiara na chandimu. Siwalaumu, ndivyo walivyoishi. Mimi na dada yangu tunakumbuka bomba lililotoa maji usiku wa manane tu, tukaamshwa sisi, wasichana, tukapanga ndoo gizani na kusinzia tumesimama. Tulilala chini ya paa moja, tukaamka kila mtu katika utoto wake.

Na yuko ambaye hasimulii chochote. Kati yangu na mdogo wangu anayenifuata alikuwapo mtoto mwingine, aliyechukuliwa na surua kabla hajajua kutembea. Kwenye mazungumzo ya mkekani hatajwi. Mama peke yake humtaja, na humtaja akiwa katika swala. Hatukuwa familia ya pekee. Mwaka 1990, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai nchini Tanzania, takriban 165 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Maana yake, katika kila watoto elfu waliozaliwa, ile zamani tunayoililia ilizika karibu mara nne ya leo. Wanaosema ilikuwa salama ni wale waliovuka. Wasiovuka hawapo barazani kutoa ushahidi wao.

Viboko navyo vina wapambe wake. "Tulichapwa tukanyooka," watu husema, wakijipapasa mabega kwa fahari. Wako walionyooka, na wako waliokimbia shule na chuo kwa hofu ya fimbo wasirudi tena. Hao hatuwahesabu kwa sababu hawakufika tulipofika. Tunasema pia kwamba mtoto wa zamani alikuwa wa wote, na hilo nimelila na kulivaa, siwezi kulikanusha. Lakini mtoto wa wote, mtu mzima mmoja akimdhulumu, alimshitaki kwa nani? Wakubwa walikuwa kitu kimoja, na neno la mtoto halikuwa na uzito. Wapo wanawake wenzangu ambao zamani ikianza kusifiwa huinuka kimya wakaenda kusaidia kuosha vyombo. Nimejifunza kutowauliza, na nimejifunza kuinuka nao.

Wahenga, ambao hawakuona haya kukiita kitu kwa jina lake, walisema mavi ya kale hayanuki. Kwa kawaida tunautumia msemo huu kuwapatanisha waliogombana. Mimi nauona una onyo pia. Harufu imekwisha, kwa hiyo mtu anaweza kupita hapo akadhani palikuwa na bustani.

Je, basi, hamu hii ni ugonjwa? Nimewasikia watu wa dini wakiieleza kwa wema zaidi. Husema binadamu wote ni wana wa Adam, aliyetolewa peponi, na kwa hiyo kila hamu tunayoisikia ni hamu ya nyumbani kule, imekosa jina tu. Napenda wazo hili, na usiku fulani linanifariji. Lakini nimeliona linavyoweza kugeuka mto wa kulalia. Mtu anayedhani anaililia pepo hana haja ya kumuuliza mama yake habari za khanga.

Kwangu kilichosaidia zaidi ni kuviweka pamoja visa viwili vya Qurani, vyote viwili vya watu waliotamani kilichopita.

Cha kwanza ni cha kaumu ya Musa. Wametolewa mikononi mwa Firauni, wako jangwani, wanashushiwa manna na salwa. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 61, wanamlalamikia Musa kwamba chakula cha aina moja kimewachosha, wanataka mboga za ardhi, matango, adesi na vitunguu. Taurati, katika kitabu cha Hesabu, inakisimulia kisa hicho kwa kuongeza jambo linalotisha: walitaja samaki wa Misri, waliokuwa wakiwala bure. Bure! Misri hiyo ndiko ambako Firauni, kwa masimulizi ya Taurati hiyo hiyo, aliamuru watoto wao wa kiume watupwe mtoni. Ulimi ulikumbuka samaki, ukasahau kwamba mto uliowatoa samaki ndio uliowameza watoto. Sijawahi kusoma maelezo makali zaidi ya namna kumbukumbu inavyoweza kumdanganya mwenye njaa. Walikuwa na njaa kweli, na jangwa lilikuwa jangwa kweli. Dhiki ya leo ndiyo iliyoipaka sukari dhiki ya jana.

Cha pili ni cha Nabii Yaakub. Yusuf amepotea tangu utotoni, miaka imekwenda, na Sura Yusuf inasema macho ya mzee yaligeuka meupe kwa huzuni. Jamaa zake wanamwona ameshikilia jambo lililokwisha. Naye anajibu kwamba majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake. Kisha msafara unaondoka Misri ukiwa umebeba kanzu ya Yusuf, na kabla haujafika, mzee kipofu anasema anaisikia harufu ya mwanawe. Waliokuwa karibu naye wanamwambia angali katika upotevu wake wa zamani. Kanzu inafika, inawekwa usoni pake, na macho yanaona.

Qurani haimkemei Yaakub kwa hamu yake. Kaumu ya Musa ilikemewa. Nimekaa sana na tofauti hiyo, kwa sababu wote walitamani, na wote walilaumiwa na watu wa karibu nao. Ninavyoona, kaumu ya Musa ilitamani enzi, na Yaakub alimtamani mtu. Wale walitaka kurudi. Yeye alitaka kuonana. Na alipoonana na Yusuf, hakurudishiwa mtoto aliyempoteza. Alimkuta mtu mzima, mwenye madaraka, katika nchi ya ugenini ambako yeye, mzee, alilazimika kuhamia. Alichokipoteza nyuma alikipata mbele, na kilikuwa kimebadilika. Angeng'ang'ania mtoto yuleyule aliyepotea, asingempata Yusuf hata kidogo.

Tangu hapo nimekuwa nikiipima hamu yangu kwa kipimo hicho. Harufu ya muhogo ikinisimamisha njiani, najiuliza: unamtaka nani? Nikijibu kwamba nautaka mwaka ule, jibu halina pa kwenda. Mwaka hauna mikono. Haukupika muhogo, haukukuna nazi, haukukata khanga katikati. Nikijibu kwamba namtaka mtu, mlango unafunguka, kwa kuwa mtu anaweza kushukuriwa akiwa hai, anaweza kuombewa akiwa amekufa, na anaweza kuombwa radhi.

Hilo ndilo kosa la mkekani, kama naruhusiwa kuliita kosa. Shukrani tunayo, tena nyingi, lakini tunaituma kusikostahili. Tunazishukuru zama kwa kazi iliyofanywa na watu. Tunasema zamani kulikuwa na upendo, kana kwamba upendo ulikuwa hali ya hewa ya mwaka 1983, ukawaangukia wote bila jasho la mtu. Haukuwa hivyo. Sahani ilivuka uani kwa sababu mwanamke fulani, mwenye kibaba kimoja cha mchele na watoto wake akiwahesabu, aliamua kuutenga mchele wa jirani kabla ya kupakua wake. Angeweza asiamue. Uhaba uleule uliotupatia ukarimu ule uliwapatia wengine ulanguzi, na bidhaa zilifichwa chini ya vitanda wakati mtaa mzima uko foleni. Zama zilikuwa moja. Watu ndio waliotofautiana.

Kuna sura fupi ambayo kila mtoto wa chuo aliisoma: Adh-Dhuha, sura ya 93, yenye aya 11. Ndani yake Mwenyezi Mungu anamkumbusha Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, habari za utoto wake. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa. Mama yake, Bi Amina, alimfia safarini, huko Abwa, yeye Mtume akiwa na umri wa miaka 6 hivi. Babu yake Abdul-Muttalib akamchukua, naye akafariki, kisha ami yake Abu Talib akamlea. Sura haiufichi uyatima huo na haiupambi. Inautaja: alikuwa yatima akapewa hifadhi, alikuwa hajui njia akaongozwa, alikuwa mhitaji akatoshelezwa. Mara tu baada ya ukumbusho huo zinafuata amri: asimwonee yatima, asimkaripie mwombaji, na aisimulie neema ya Mola wake.

Angalia mpangilio. Kumbukumbu ya utotoni haiachwi iwe tamu wala chungu. Inageuzwa kuwa wajibu kwa mtoto wa leo. Na kusimulia kumeruhusiwa, tena kumeamrishwa, lakini kumewekwa mwisho, baada ya yatima na mwombaji kupata haki yao. Sisi mkekani tumeanza na simulizi, na mara nyingi tumeishia hapo hapo, huku yatima wa msiba wenyewe yuko nje mlangoni anacheza peke yake.

Dua tuliyofundishwa kuwaombea wazazi, iliyomo katika Sura Al-Israa, nayo imejengwa juu ya kumbukumbu hiyo hiyo. Mtu anaomba rehema kwa ajili yao, akitaja malezi waliyompa alipokuwa mdogo. Nimeisoma dua hiyo tangu sijaota meno ya pili, kwa kasi ya mtoto anayetaka kwenda kucheza. Siku hizi hunichukua muda, maana nikifika kwenye udogo wangu naiona khanga, naziona ndoo, namwona na mwalimu wa chuo, pamoja na fimbo yake. Namwombea naye. Sikusahau ile fimbo na sitamruhusu mtu aniambie ilikuwa asali, lakini herufi nilizonazo ni zake. Rehema ina nafasi ya yote mawili: kumtaja mtu kwa wema wake, na kutolifuta kosa lake.

Siwezi kusema hamu yangu imepona, na sina hakika kwamba naitaka ipone. Nikipita Ngamiani naona maghorofa palipokuwa na nyumba za makuti na mabati, na kifua hunibana. Lakini hunijia fikra nyingine pia. Katika chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya duka la kutuma pesa kwa simu, kuna mtoto anayekua sasa hivi. Kwake harufu ya chipsi za jioni na mlio wa bodaboda ndio utoto. Miaka arobaini ijayo naye atakaa kwenye mkeka wa msiba, atauzungumza mwaka huu tunaouita mbaya, na huenda akasema kwamba zamani watu walikuwa watu. Watu hao ni sisi. Kama hatasema hivyo, hatakuwa ameikosea historia.

Basi ndugu msomaji, hamu ya utotoni ikikujia usiikemee, na usiiamini yote. Idai jina la mtu. Ukilipata jina, na mwenyewe yu hai, mwendee umuulize kile ulichokipenda kilimgharimu nini, kisha mshukuru angali anasikia. Ikiwa ametangulia, muombee na umtolee sadaka. Kama kuna aliyeumia katika zamani uliyoipenda, msikilize bila kuitetea zamani hiyo. Ukishayafanya hayo, simulia unavyotaka. Lakini kwanza tazama nyumba ya pili kuna mtoto gani, na leo jioni funika sahani umpelekee.